Maiki Yako Haihitaji Kusikia Tetemeko la Ardhi

Leo naweka programu kando nizungumzie sauti, kwa sababu kuna jambo linanikera muda mrefu na nimechoka kulinyamazia.

Siku hizi kila mtu ana maiki mezani. Huyu anarekodi podikasti, yule anafundisha Java kwa video, mwingine ana kwaya ya kanisa inayotaka albamu kabla ya Krismasi. Wengi wameacha maiki za kawaida za jukwaani na kununua maiki za kondensa, zile za studio zinazodai umeme wa volti 48. Na karibu kila aliyenunua ameuziwa uongo mmoja pamoja na maiki yake.

Uongo wenyewe ni huu: kwamba kadiri amplifaya iliyo ndani ya maiki inavyopitisha masafa mapana zaidi, ndivyo maiki inavyokuwa bora. Utaukuta kwenye sanduku umeandikwa kwa maandishi ya dhahabu, "Hz 5 hadi kHz 50". Utausikia Luthuli Avenue kwa muuzaji ambaye hajui Hz ni nini lakini anajua kwamba 5 ni ndogo kuliko 20, na kwa hiyo bei ipande. Utausikia pia kwa mafundi wa nyumbani wanaokushauri ufungue maiki yako ya bei nafuu, ung'oe kapasita iliyomo, uweke nyingine kubwa mara kumi "ili besi ipumue".

Mimi nasema upana wa masafa si ubora. Ubora ni kujua unasimama wapi, unasimama vipi, na ni sehemu gani ya saketi imepewa kazi hiyo ya kusimamisha. Hesabu ninazo, twende nazo pole pole.

Ndani ya maiki kuna nini?

Maiki ya kondensa si kitu kipya. E. C. Wente aliibuni mwaka 1916 akiwa Western Electric, Marekani. Kichwa chake, ambacho mafundi hukiita kapsuli, ni kiwambo chembamba kilichowambwa mbele ya bamba la chuma kama ngozi ya ngoma. Kiwambo na bamba pamoja ni kapasita. Unaitia chaji, kisha unahakikisha chaji hiyo haitoroki. Sauti ikisukuma kiwambo, umbali kati yake na bamba unabadilika, na volti nazo zinabadilika kuufuata.

Tatizo ni kwamba kapasita hii ni ndogo mno. Kapsuli kubwa ya studio ina makumi ya pikofaradi tu, tuseme 60. Waya wa mita chache una kapasiti kubwa kuliko hiyo. Ukiiunganisha kapsuli moja kwa moja na waya, waya utaimeza sauti yote. Ndiyo sababu amplifaya inakaa palepale ndani ya maiki, sentimita chache kutoka kwa kapsuli. Mara nyingi wala haipazi sauti sana. Kazi yake kubwa ni kuikopesha kapsuli misuli ili sauti iweze kusafiri.

Sasa, ili chaji isitoroke, kapsuli hulishwa kupitia rezista kubwa ajabu. Rezista hiyo na kapsuli vikikaa pamoja vinakuwa kichujio: sauti za juu zinapita, za chini zinazuiwa. Mahali kichujio kinapoanza kuzuia, ambapo sauti imeshuka desibeli 3, hapa nitapaita kona. Hesabu yake ni rahisi: chukua 1, gawanya kwa 6.28 mara rezista mara kapasita.

Kwa kapsuli ya pikofaradi 60:

- rezista ya megaomu 100 inakupa kona ya Hz 26.5
- rezista ya gigaomu 1 inakupa kona ya Hz 2.65

Hapa mashabiki wa upana wanaruka kwa furaha. "Umeona? Gigaomu moja ndiyo bora!" Ndiyo, ni bora, lakini kwa sababu wasiyoijua wao.

Rezista kubwa inawekwa kwa ajili ya mvumo, si kwa ajili ya besi

Kila rezista ina mvumo wake unaotokana na joto. J. B. Johnson aliupima na Harry Nyquist akaueleza kwa hesabu, wote wawili wakachapisha mwaka 1928. Ukiunganisha rezista na kapasita linatokea jambo la kushangaza: jumla ya mvumo haitegemei ukubwa wa rezista hata kidogo. Inategemea joto na kapasiti tu. Kwa pikofaradi zetu 60 katika joto la chumba, jumla ni takriban maikrovolti 8.3. Weka megaomu 100, weka gigaomu 1, ni zile zile 8.3.

Kinachobadilika ni mahali mvumo unapokaa. Ukiwa na megaomu 100, maikrovolti kama 6.4 ziko juu ya Hz 20, ndani ya eneo la muziki. Ukiwa na gigaomu 1, zinazobaki juu ya Hz 20 ni takriban 2.4 tu, na nyingine zote zimesukumwa chini ambako hakuna sikio linalozifuata. Tofauti ni zaidi ya desibeli 8. Usidharau namba hizi. Maiki yenye usikivu wa milivolti 20 kwa paskali moja, ikisikiliza sauti ya desibeli 0, ile hafifu kabisa ambayo sikio zima linaweza kuipata, inatoa maikrovolti 0.4 tu. Ni kweli kwamba sikio letu halisikii vizuri mvumo wa chini hata ukiwa juu ya Hz 20, lakini hakuna mhandisi mwenye akili anayeuacha humo bure.

Kwa hiyo mhandisi aliyeweka gigaomu 1 hakuwa anakuandalia besi ya Hz 3. Alikuwa anachimba jalala nje ya mji. Alihamisha takataka kutoka sebuleni akazipeleka mbali, chini ya Hz 20. Halafu anakuja fundi wetu na kapasita yake mpya, anachonga barabara pana kutoka jalalani hadi sebuleni, na anaiita kazi hiyo uboreshaji!

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Kona ya kapsuli iwe chini kabisa, sawa. Lakini baada ya hapo, mara tu sauti ikishapita transista ya kwanza na kabla haijafika kwenye transfoma au hatua ya kutolea, lazima kuwe na mtu mlangoni. Asiwepo kabisa, umejenga nyumba bila mlango.

Kule chini kunaishi nani?

Tuhesabu wenyeji. Noti ya chini kabisa ya piano ni Hz 27.5. Waya mnene wa gita la besi la nyuzi nne ni Hz 41. Mwanakwaya mwenye sauti nzito kabisa akishuka hadi Hz 80 watu wanageuka kumtazama. Chini ya Hz 20 hakuna mwimbaji, hakuna mpiga kinanda. Wanaokaa huko ni nyayo zako zinazopanda kupitia stendi ya maiki, lori linalopita nje, mlango unaofungwa na kusukuma hewa ya chumba kizima, upepo wa feni, na pumzi ya kinywa.

Hiyo pumzi sisi Waswahili tunaijua vizuri. Muulize mtu wa Lamu au Mombasa akutamkie "paa" la nyumba na "paa" yule mnyama wa porini. La nyumba linatoka bila pumzi, la mnyama linatoka na mpumuo wake. Mweke mbele ya maiki ya kondensa, sentimita 5 kutoka kwa kiwambo, aseme la pili. Ule mpumuo ni upepo, na kwa maiki upepo ni wimbi kubwa la chini kabisa. Isitoshe, maiki inayosikiliza mbele tu ina tabia ya kuvimbisha besi mtu akiikaribia. Kwa sentimita 5, sauti ya Hz 100 inaongezeka kwa zaidi ya desibeli 10 kuliko ingekuwa kwa mbali, na ukishuka chini zaidi inavimba zaidi.

Sasa amplifaya yako iliyo wazi hadi Hz 3 inapokea vyote hivyo kwa mikono miwili. Hutavisikia, lakini amplifaya inavisikia, na ina dari. Sauti ya mwimbaji imepanda juu ya wimbi hilo kubwa kama mashua juu ya bahari. Bahari ikipanda hadi darini, mashua ndiyo inayovunjika. Wewe unasikia sauti ya mwimbaji ikikwaruza ghafla kwenye herufi P, na unalaumu kadi ya sauti.

Ikiwa maiki yako ina transfoma, hali ni mbaya zaidi. Kwa volti zile zile, sumaku inayojaa ndani ya chuma cha transfoma inaongezeka kadiri masafa yanavyopungua. Wimbi la Hz 10 linajaza chuma mara nne zaidi ya wimbi la Hz 40. Transfoma iliyokuwa inaimba vizuri inaanza kukoroma kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Najua wenzangu wa programu mtaniambia: "Si nitaikata hiyo Hz 10 baadaye kwenye tarakilishi?" Utaikata, ndiyo. Mistari kumi ya programu inatosha. Lakini kichujio kinaondoa wimbi la Hz 10 tu, hakirudishi vichwa vya mawimbi vilivyokwisha kukatwa. Ile mikwaruzo sasa iko Hz 500, Hz 2,000, katikati kabisa ya sauti ya binadamu, na hakuna kichujio kitakachoitenganisha naye. Ukipokea data iliyoharibika mlangoni, hata uisafishe vipi ndani, bado ni data iliyoharibika.

Na kapasita mara kumi je?

Turudi kwa fundi wetu wa kubadilisha kapasita. Maiki nyingi za bei nafuu zisizo na transfoma zina transista ya kwanza, halafu kapasita mbili zinazopeleka sauti kwenye transista za kutolea. Chukua kapasita ya maikrofaradi 1 inayotazama kiloomu 100. Kona yake ni Hz 1.6. Tayari iko chini ya kila kitu ambacho binadamu amewahi kukiita muziki! Ukiweka ya maikrofaradi 10, kona inashuka hadi Hz 0.16. Hilo ni wimbi moja linalochukua zaidi ya sekunde 6 kukamilika. Ni ngoma gani hiyo inayopigwa mara moja kila sekunde 6, ndugu yangu?

Alichokupa ni maiki inayochukua muda mrefu zaidi kutulia ukishaiwasha, na kapasita ya bei rahisi inayovujisha umeme kidogo kidogo. Lakini kwa kuwa amekulipisha na ameshika chuma cha kulehemu mbele yako, utasikia besi imeongezeka. Masikio yetu ni ya adabu sana, hayapendi kumwaibisha aliyekwisha kulipa.

Upande wa juu nao

Huku juu uongo ni mtamu zaidi. "Amplifaya inafika kHz 100." Vizuri. Kapsuli inafika wapi?

Sauti ya kHz 20 ina urefu wa wimbi wa sentimita 1.7. Kiwambo cha maiki kubwa ya studio kina upana wa kama sentimita 2.5. Sauti ikija kwa upande, sehemu moja ya kiwambo inasukumwa huku nyingine inavutwa, na zinafutana. Juu ya hapo kiwambo chenyewe kina uzito, na kinachoka. Kuweka amplifaya ya kHz 100 nyuma ya kapsuli ya namna hiyo ni kama kutoka Thika kwa njia nane za lami, unateleza kama mfalme, halafu unaingia mjini na kukuta foleni. Lami ya kule nyuma haikusaidii kitu hapo.

Kuna mfano mmoja ambao wauzaji wa upana hawapendi kuusikia. Neumann, kampuni ya Ujerumani, ilitoa U 67 mwaka 1960 na U 87 mwaka 1967. Kapsuli za maiki hizo kwa asili yake zinainua sauti za juu kupita kiasi. Wahandisi walilijua hilo, wakaijenga amplifaya izishushe sauti hizo makusudi, kwa kurudisha sehemu ya sauti nyuma ijipunguze yenyewe. Ukiipima amplifaya hiyo peke yake, bila kapsuli, utaona si tambarare hata kidogo. Kwenye karatasi inaonekana mbovu. Ikiungana na kapsuli yake, ikawa maiki ambayo studio za dunia nzima zimeitegemea kwa miongo kadhaa.

Halafu wakaja waigaji. Wakachukua kapsuli ya umbo lile lile, wakaiweka mbele ya amplifaya tambarare na pana, rahisi kutengeneza, isiyoshusha chochote. Kwenye karatasi amplifaya yao ni bora kuliko ya Neumann! Matokeo yake ni zile maiki ambazo ukisema "sasa hivi" herufi S inakuchoma masikio kama sindano. Wamiliki wake wanatumia saa nzima kwenye tarakilishi wakijaribu kuishusha ile S. Namba nzuri zaidi, maiki mbaya zaidi. Nikisema upana si ubora, ushahidi wangu wa kwanza ni huo.

Sasa fuata sauti yako hadi kwa msikilizaji. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila kitu juu ya kHz 24 kimekwisha. Ukiwatumia watu kwa Opus, ule mfumo wa kubana sauti uliosanifishwa mwaka 2012 na unaobeba jumbe za sauti za WhatsApp, mwisho ni kHz 20. Ukitaka kuhifadhi zaidi, rekodi kwa sampuli 192,000 zenye biti 24, njia mbili, na ulipe megabaiti 69 kwa kila dakika. Kwa sampuli 48,000 na biti zile zile ni megabaiti 17. Anayenunua bando kwa siku anaelewa tofauti hiyo bila kuchorewa grafu.

Je, kuna anayesikia? Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David R. Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Waliwachezea watu rekodi za masafa mapana, mara nyingine wakizipitisha kwenye kiwango cha CD bila kuwaambia. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ungerusha shilingi hewani ungepata hayo hayo. Ili nisionekane nachagua ushahidi, mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, akapata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na waliofunzwa walifanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa hiyo huenda kuna kitu kidogo. Lakini asilimia 52.3 baada ya majaribio zaidi ya elfu kumi si sababu ya mtu wa podikasti kuongeza hata shilingi mia.

Tena upana wa juu una hasara yake. Amplifaya yoyote isiyo nyoofu kabisa, na hakuna iliyo nyoofu kabisa, ikipokea kHz 30 na kHz 33 pamoja inazaa kHz 3. Kitu usichosikia kimezaa kitu unachosikia. Na zile kapasita ndogo zinazozuia mawimbi ya redio yasiingie, ambazo wengine wanazing'oa "kufungua hewa", ndizo zinazokukinga na ile "trrr trrr" ya simu ya GSM iliyo karibu na maiki. Zing'oe, halafu mwambie mgeni wako wa podikasti azime simu. Jaribu tu.

Hoja yao nzito

Sitaki kuwaonea. Wana hoja moja ya maana, nayo ni ya awamu. Kichujio hakipunguzi sauti tu, kinaichelewesha au kuiwahisha pia, na athari hiyo inafika mbali kuliko kona yenyewe. Kona moja ya Hz 20 inaisogeza sauti ya Hz 40 kwa nyuzi 26.6. Ukiwa na hatua tatu, kila moja ina kona yake ya Hz 20, sauti ya Hz 40 imesogea karibu nyuzi 80, na ile ya Hz 20 imeshuka desibeli 9. Ngoma kubwa ikipigwa, mpigo wake unapoteza umbo. Hapo wako sahihi kabisa.

Lakini tazameni hoja inasema nini. Haisemi "msikate". Inasema msikate mara tatu. Sisi watu wa programu tunalijua hili: uhakiki wa data unaufanya sehemu moja inayojulikana, si kuusambaza katika funsheni kumi, kila moja ikikata kidogo bila kumwambia mwenzake. Basi hatua zote ziwe na kona za chini sana. Kila kona ya Hz 2 inasogeza Hz 40 kwa chini ya nyuzi 3, hilo halimuumizi mtu. Kisha kona moja, moja tu, iliyochaguliwa kwa akili, yenye swichi nje ya maiki, ndiyo iamue. Mwimbaji anaiweka juu, mpiga ngoma anaishusha.

Na kuna kazi ambazo upana ni haki yake. Mwaka 1988 Joyce Poole, Katy Payne na wenzao walichapisha utafiti wa milio ya chini sana ya tembo, kazi iliyofanyika hapa kwetu Amboseli. Milio hiyo ina msingi wa Hz 14 hadi 35, na nyingine sisi hatuisikii kabisa. Ukienda Amboseli na maiki inayoanza Hz 40 umekwenda kupiga picha za mlima usiku. Anayerekodi popo anahitaji kHz 50 na zaidi. Sanken ya Japani inatengeneza CO-100K inayofika kHz 100, na Sennheiser ina MKH 8020 ya Hz 10 hadi kHz 60, ambayo kapsuli yake haifanyi kazi kwa chaji iliyotulia bali ndani ya saketi ya masafa ya redio. Lakini angalia: pale kiwambo, amplifaya na kazi yenyewe vyote vimepangwa kufika huko. Hakuna aliyebandika amplifaya pana nyuma ya kapsuli isiyohusika ili sanduku lipendeze.

Kwa hiyo uulize nini dukani?

1. Namba hizo ni kwa desibeli ngapi juu na chini? "Hz 20 hadi kHz 20" bila kusema ndani ya desibeli ngapi ni sentensi isiyo na kitenzi. Hata simu ya ukutani inafika Hz 20 ukikubali ishuke vya kutosha.
2. Ni za amplifaya peke yake au za maiki nzima pamoja na kapsuli? Kama hawana grafu ya maiki nzima, wana siri.
3. Swichi ya kukata besi ipo? Inakata Hz ngapi, kwa mteremko gani, na iko kabla au baada ya transfoma na hatua ya kutolea? Ikiwa baada, imechelewa.
4. Kiwango cha juu cha sauti inachostahimili kimepimwa kwa Hz ngapi? Mara nyingi ni kHz 1. Uliza kuhusu Hz 20, uone uso wa muuzaji.

Na kwako wewe fundi mwenye chuma cha kulehemu mkononi, nakuomba jambo moja tu: piga hesabu kabla ya kukichomeka. Ni kuzidisha na kugawanya, kikokotoo cha simu kinatosha. Ukikuta kona tayari iko chini ya Hz 5, funika maiki ya watu, uwarudishie.

Hesabu zangu ni hizo. Mwenye hesabu tofauti aniandikie hapo chini, nitazisoma moja baada ya nyingine na nitamjibu kwa heshima. Anayetaka kuniambia kwamba yeye "anaisikia tu" naye karibu, ila aje na jaribio alilolifanya bila kujua ipi ni ipi.